Mithra wa Junda na Kuku wa Gredi

Watoto wa Junda huniita Bi Mifupa, na nyinyi mnaosomea akiolojia, ambao ndio ninaowaandikia, mna ruhusa ya kuniita hivyo hivyo. Sioni aibu. Wenzangu wa skuli walitoka wakawa manesi na walimu, mmoja akawa hakimu, na mimi nikautumia umri wangu kutazama makombo ya kuku yaliyoachwa na wanaume wa Kirumi waliokufa zamani za kale. Marehemu babangu, Mungu amrehemu, akiulizwa msikitini binti yake amesomea nini Ulaya, alikuwa akijibu, "Mambo ya afya." Alikuwa mtu mkweli katika kila jambo isipokuwa hilo, na sikumlaumu.

Kwa asiyejua, nieleze. Katika dola ya Warumi palikuwa na dini ya siri ya mungu aliyeitwa Mithra. Waumini wake walikutana katika vyumba vya chini ya ardhi vilivyofanywa mfano wa pango: ukumbi mwembamba, baraza ndefu kila upande ya kulalia ubavu wakati wa kula, na mwisho wa ukumbi sanamu ya Mithra akimchinja fahali. Walikuwa wanaume watupu. Kitabu cha dini yao hakijapatikana hata kimoja. Yaliyobaki ni mawe, sanamu, maandishi mafupi mafupi ya nadhiri, na makombo ya chakula. Juu ya hayo wataalamu wamejenga maktaba nzima, na kila mmoja wao anajua kwa hakika Mithra alikuwa akiwaza nini alipokuwa akimchinja yule ng'ombe.

Vitabu vya kwanza nilivyopewa nikiwa mwanafunzi vilisema dini ile ilitoka Uajemi moja kwa moja. Nilicheka peke yangu maktabani mpaka mlinzi akanikanya. Mtu wa Mombasa ukimwambia kitu kimetoka Uajemi, yeye huuliza kwanza nani anataka kuposa. Kwetu kila ukoo unaotaka kukaa mbele harusini umetoka Shirazi. Baadaye wakaja wataalamu wengine wakasema la, dini ile ilitengenezwa huko huko kwa Warumi, ikavishwa kofia ya Kiajemi ili ipendeze. Wakaja wa tatu wakasema fahali ni nyota, mbwa ni nyota, nyoka ni nyota. Nimehudhuria mkutano ambapo wazee wawili wenye mvi walikaribia kushikana mashati kwa sababu ya nge aliyechongwa chini ya tumbo la fahali. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, nikila biskuti zao.

Tena walikuwa na daraja saba. Unaanza ukiwa Kunguru, kazi yako kuwahudumia wenzako chakula, kisha unapanda: Bwana Harusi, Askari, Simba, Mwajemi, Mjumbe wa Jua, mpaka siku moja uitwe Baba. Wataalamu wanaona hapo safari ya roho kupita katika sayari saba. Huenda. Lakini mimi nimelelewa katika nyumba ya Mkomani yenye baraza mbele, na najua kwamba wanaume wakikaa pamoja penye sinia, lazima awepo wa kumwagia wenzake maji mikononi na lazima awepo wa kuitwa Baba. Niliwahi kuyasema hayo mkutanoni. Profesa mmoja aliniambia kwa upole kwamba mfano wangu ni wa kienyeji mno.

Aliyenifunza kazi hasa alikuwa mama mzee akiitwa Bi Klara, mtaalamu wa mifupa, mvutaji sigara ambaye mdomo wake haukuwa na breki. Siku yangu ya kwanza shimoni alinipa kijipande cha kitu cheusi akaniambia, "Lamba." Mfupa wa kale hunata ulimini, jiwe halinati, na ndivyo wachimbaji wanavyotofautisha. Nikamwuliza huenda ukawa wa mnyama gani. Akaugeuza kidogo akasema, "Nguruwe, nadhani." Nikauweka chini taratibu, nikamwambia kwamba niko tayari kubaki mjinga. Alicheka mpaka sigara ikamwanguka. Baadaye alinionyesha njia nyingine: lowesha ncha ya kidole, gusa, sikiliza. Kidole nacho hunata kidogo, na ukizoea unajua. Fanyeni hivyo. Hata asiye Mwislamu hana sababu ya kulamba shimo la taka la Warumi.

Bi Klara alikuwa na ugomvi wa maisha na wachimbaji wa zamani. Wao walikuwa wakitafuta sanamu. Mifupa waliitupa kwa koleo. Yeye alipepeta udongo wote kwa chekeche, akaosha kila kijifupa kwa brashi laini ya meno, akakianika kivulini maana jua hupasua. "Wacha waniambie waliabudu nini," alikuwa akisema. "Mimi nataka kujua walikula nini." Na walikula kuku. Majogoo hasa, tena wachanga, tena wengi kwa karamu moja. Jogoo unamjua kwa kipi, ule mwiba wa mguuni, na uchanga unaujua kwenye ncha za mfupa, ambazo bado ni laini hazijaungana na katikati. Hiyo ndiyo elimu yangu yote. Nimelishwa nayo na nimestaafu nayo.

Nilipostaafu nilirudi Kisauni nikajenga nyumba ndogo Junda, nikadhani Mithra nimemwacha kwenye baridi yake. Nikapanda michungwa, nikawa nagombana na mbuzi wa jirani. Ndipo akatokea Profesa Otmari.

Huyu Otmari alikuwa mmoja wa wale wa nyota. Mtu mrefu, mwema, mwenye sauti ya kusomea watoto hadithi, na ambaye hajapata kukiona kitu kikawa kile tu kilivyo. Alikuja mapumziko Nyali, dereva wake akampitisha Junda kumwonyesha machimbo ya zamani ya mawe. Nyumba nyingi za Kisauni zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyokatwa hapa hapa kwa shoka na mtaimbo, na machimbo yakishakauka hubaki mashimo. Moja la mashimo hayo linaingia ubavuni mwa mwamba kama pango. Juu yake, kwenye ardhi nzuri, ipo nyumba ya Bi Mwanakombo, mjane wa Mzee Shee. Aliingia nyumba hiyo akiwa bibi harusi. Kama wengi wa Kisauni, nyumba anayo, hati ya ardhi hana.

Otmari alitoka pangoni machozi yakimlengalenga. Alinijia mbio nyumbani, suruali imejaa vumbi, hata salamu hakumaliza.

"Bi Salma, kuna baraza mbili! Moja kila upande!"

Palikuwa na baraza mbili, kweli. Palikuwa na ukumbi mwembamba katikati, na mwisho wa ukumbi palikuwa na jukwaa la mwamba, na juu ya jukwaa tundu lililopenya mpaka nje likiingiza mwanga wa jua. Palikuwa na masizi darini. Sakafuni, chini ya vumbi, kulijaa mifupa ya kuku wachanga na kokwa za tende, na pembeni majivu yenye harufu ya udi. Mabaharia wa dola ya Warumi walifanya biashara na pwani yetu, hilo limo vitabuni. Otmari akajumlisha akapata Mithra.

Nami nakiri hesabu yake ilipendeza. Ukiwa umekaa ughaibuni miaka yako yote na Mithra, na ghafla unaambiwa kumbe alikuwa jirani ya michungwa yako, moyo hushtuka kidogo. Wangu ulishtuka mpaka nilipofika mwenyewe.

Mambo yakaenda mbio kuliko akili. Mfadhili akapatikana. Kamati ikaundwa, yenye watu kutoka Nairobi wenye viatu vya kung'aa. Mchoro ukachorwa: ua wa seng'enge, banda la tikiti, duka la vinyago, choo cha wageni. Pale ilipo nyumba ya Bi Mwanakombo paliandikwa "Maegesho ya Magari". Mwenyewe aliletewa habari na mtu wa kamati aliyemwita "mama" kila baada ya neno moja, akamwambia kwamba ana bahati kubwa kuishi juu ya historia na kwamba itambidi ahame. Kilichobaki ili wapige muhuri kilikuwa taarifa ya mtaalamu wa mifupa. Nadhani mmeshajua ni nani.

Niliitandaza mifupa uani kwangu juu ya mikeka na magunia. Ilikuwa Mfunguo Mosi, Ramadhani imetoka juzijuzi, fataki za watoto bado zikilia mtaani. Sikuhitaji hata miwani. Mifupa ile ilikuwa minene, myepesi, yenye matundu matundu: mwili wa kuku mzima uliowekwa juu ya miguu ya kifaranga. Kipi hata kimoja hapakuwa, maana kuku yule hachinjwi akiwa jogoo wala mtetea, huchinjwa kabla hajajijua ni nini. Ni kuku wa gredi, nyinyi nyote mnamjua, yule anayefugwa bandani kwa taa na chakula cha gunia mpaka azidiwe na kifua chake mwenyewe. Warumi hawakuwa naye. Babu yangu hakuwa naye.

Nikamwita Otmari nikamwonyesha. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Basi hii ni tabaka ya juu," akasema. "Wageni wa baadaye. Baraza zenyewe ni za kale."

"Baraza ni za wakata mawe, Otmari."

"Una shahidi?"

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Mfupa unaweza kusema kuku huyu ni wa juzi. Hauwezi kusema nani alichonga baraza. Kwa hilo unahitaji mtu aliyekuwepo, na Junda imejaa wazee waliokata mawe mahali pale walipokuwa vijana. Otmari, nampa haki yake, aliwauliza. Alikwenda na mkalimani kwa mmoja mmoja, barazani kwao, kwa heshima zote. Alimwuliza hata mdogo wangu Omari, mzee wa kupigiwa mfano, anayesimama safu ya kwanza na kuwakanya watoto wakikohoa.

"Wallahi sijapata kutia mguu pale," Omari alisema. "Hata ndia yake siijuwi."

Mwingine akasema pana majini. Mwingine akasema ndiyo kwanza asikie kuwa kuna pango. Mwingine, ambaye mlango wa nyumba yake unaelekea kwenye pango lenyewe, akauliza liko upande gani. Otmari akaandika kwenye taarifa yake maneno ambayo nilipoyasoma niliona kichwa kinaniuma: kwamba wenyeji hawana kumbukumbu yoyote ya mahali hapa, jambo linaloonyesha ukale wake mkubwa.

Zingatieni hapo, vijana. Mtu akikwambia kwa haraka kwamba hajui, usiandike "hajui". Andika kwamba amesema hajui, kisha mtazame miguu.

Nilikwenda kwa Bi Mwanakombo. Nilimkuta akipeta mchele, ametulia kama mtu ambaye nyumba yake haijachorwa gari.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo."

"Marahaba mwanangu. Ndoo, keti. Mbona wanitazama kwa mato hayo, n'meiba?"

Nikamwambia habari ya kuku wa gredi, na ya Otmari, na ya wazee waliosahau pango lililo mlangoni mwao. Aliendelea kupeta mpaka nikamaliza. Kisha akaweka ungo chini.

"Kuku hao naliwapika mimi," akasema.

Basi akanieleza. Mzee Shee alikuwa na ugonjwa wa sukari, na daktari alimkataza kufunga. Udhuru wa haki, hakuna wa kumlaumu. Lakini aliona haya kula mchana wa Ramadhani mbele ya watoto na majirani. Bi Mwanakombo akamtandikia mkeka kwenye shimo lile la mawe lisilopitwa na mtu, akawa anampelekea chakula chake huko. Mwaka uliofuata akaja rafiki yake mmoja, ati mgonjwa asile peke yake. Huyo alikuwa mzima kama kengele. Kisha akaja mwingine. Kwetu mtu anayekula mchana wa Ramadhani kwa siri huitwa kobe, na muda si muda Junda ikawa na kobe wa kutosha kujaza baraza mbili. Tundu la kutolea moshi wakalitoboa wao. Udi walikuwa wakiufukiza ili kufunika harufu ya kuku wa kukaanga, na chetezo kilikuwa cha Bi Mwanakombo. Mgeni aliyejiunga karibuni aliwekwa mlangoni kuchungulia, naye ndiye aliyebeba maji.

"Kunguru," nikasema.

"Kunguru gani?"

"Si kitu. Mzee Shee alipokufa hawakukoma?"

"Wakome kwa nini? Wamezoea pilipili yangu."

Nikamwuliza kama Omari alikuwamo. Akachukua ungo wake tena, akasema mchele wa siku hizi una mawe mengi.

Nilikasirika, nasema wazi. Nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirishwa na profesa yeyote. Wale wanaume walikula chakula cha mikono yake wakashiba, na sasa nyumba yake inageuzwa kituo cha magari, na neno moja tu la yeyote kati yao lingemwokoa. Wao wamekaa safu ya kwanza, wamefumba vinywa. Nikamwambia aseme yeye, mbele ya kamati, leo leo.

"Mimi mjane, Salma," akasema. "Hao ndio wanaume wa mtaa. Nikiwafedhehi leo, kesho jeneza langu litabebwa na nani?"

 Na kwa kuwa aliniambia kwa siri, nami sikuwa na ruhusa ya kuyatoa. Nilirudi nyumbani nikaketi mbele ya ile mifupa, nikaitazama kana kwamba itanionea huruma.

Kamati iliita mkutano wa wananchi baada ya sala ya alasiri, uwanjani kwa madrasa. Walifika wote: kamati na viatu vyao, chifu, Otmari na michoro yake, wanaume wa Junda kwenye viti vya plastiki, wanawake nyuma kwenye mikeka, Bi Mwanakombo miongoni mwao. Otmari alizungumza vizuri juu ya jua, fahali na mabaharia. Wazee walitikisa vichwa kwa mshangao, kana kwamba ndiyo kwanza wasikie. Omari aliuliza hata swali, kwamba je, hao Warumi walikuwa wakichinja kwa kufuata kibla? Nilitamani kumrushia kiatu.

Kisha nikapewa nafasi mimi. Nilisema mifupa ni ya kuku wa siku hizi, lakini Profesa anadai waliowala ni wageni waliopita tu, na kwamba pango si la mtu yeyote wa hapa. "Hilo ni jambo rahisi kulithibitisha," nikasema. "Mtu akifyonza mfupa, au akitafuna tende na kutema kokwa, mate yake hubaki. Siku hizi kuna maabara ya kuyasoma mate hayo na kujua ni ya nani. Kokwa ninazo, zimejaa kopo. Kinachotakiwa ni kila mwanamume wa Junda afungue kinywa apitishwe pamba kidogo shavuni. Haiumi. Asiyepata kutia mguu pale hana la kuogopa, na jina lake litaandikwa wazi kwenye taarifa kwamba hakuwamo."

Sikusema uongo. Nilisema maabara zipo. Sikusema kwamba nitapeleka, wala kwamba kokwa zilizokaa vumbini zingewaambia chochote. Mtaalamu mzuri hujua pia wapi pa kukomea.

Wazee wa safu ya kwanza wakaziba vinywa kwa viganja. Otmari alifurahi sana, akasema ni wazo zuri la kisayansi. Nyuma, upande wa wanawake, kuna mtu alikohoa kikohozi kilichofanana mno na kicheko.

Sikufika nyumbani salama. Omari alinikuta getini kabla ya magharibi.

"Shikamoo, dada."

Hajaniamkia hivyo tangu tukiwa watoto. "Marahaba. Una nini?"

"Hayo mate, dada. Hukaa siku ngapi?"

"Yategemea kokwa."

"Na mtu akiwa mgonjwa?"

"Mgonjwa wa nini?"

Akatazama michungwa. "Vidonda vya tumbo."

"Tangu lini una vidonda vya tumbo, Omari?"

"Tangu Shaabani," akasema, mwezi ule ule unaotangulia Ramadhani.

Nilimwambia akaseme hayo kwa kamati, si kwangu. Akasema hawezi peke yake. Nikamwambia basi akawatafute wagonjwa wenzake. Siku ya pili walinijia wengine, mmoja anatoka mwingine anaingia, na kila mmoja ana vidonda vya tumbo, na kila mmoja amekuja kwa niaba ya rafiki yake. Yule wa majini alikuja na cheti cha daktari ambacho wino wake haujakauka. Niliwapa wote jibu moja, na kahawa.

Mkutano wa mwisho ulikuwa mfupi. Omari alisimama, na nyuma yake ikasimama safu nzima. Akasema pale ni chimbo la mawe, wamelikata wenyewe ujanani mwao. Baraza ni mahali ambapo jiwe lilikuwa limeoza wakaliacha. Tundu ni la moshi. Na kwamba wapo wazee wachache wenye maradhi ya tumbo ambao katika mwezi mtukufu hupumzika pale kwa amri ya daktari, na Bi Mwanakombo, Mungu amlipe, amekuwa akiwahudumia.

Mtu wa kamati kutoka Nairobi akahesabu kwa macho waliosimama. "Nyote mna vidonda?"

"Sote," akasema Omari, na sauti yake haikutetemeka. Chifu alijiinamia akafunga kamba ya kiatu kwa muda mrefu, naye alikuwa amevaa makubazi.

Kamati ilikunja mchoro wake. Bila Warumi hakuna mfadhili, na bila mfadhili hakuna haja ya maegesho. Gari lao liliondoka kwa vumbi, na hapana aliyekuja kumwambia Bi Mwanakombo kwamba haondoki tena; alijua kwa kuwaona hawarudi. Otmari peke yake ndiye aliyeondoka kwa furaha. Wanaume watupu, pango, wote wagonjwa wa tumbo? Nasikia sasa anaandika kwamba Mithra alikuwa mganga.

Nami nilipata nilichokikosa miaka yote. Wataalamu hujiuliza kwa nini waumini wa Mithra hawakuandika siri zao, ni kiapo gani kizito kiliwafunga. Nendeni mkawaulize wazee wa Junda. Labda hapakuwa na siri kubwa ya nyota wala sayari. Labda palikuwa na chakula kizuri na wanaume ambao, kila mmoja kivyake, angependelea jirani avunjiwe nyumba kuliko kusema alikuwepo. Siwezi kulithibitisha hilo. Nimeliandika mara moja kwenye jarida, mhariri akalifuta.

Ijumaa iliyofuata Bi Mwanakombo alinialika chakula cha mchana. Alipika kuku wa kupaka, wa kienyeji, maana gredi amesema hataki kuiona. Tulikula jikoni kwake, yeye kwenye mbuzi ya nazi, mimi kwenye kigoda. Alikuwa na raha. Alinionyesha mahali ukuta ulipopasuka, akasema sasa atauziba. Nami, kwa mazoea ya kazi, nikamwuliza.

"Bi Mwanakombo, na sisi je? Zile siku zetu za mwezi, ambazo Mungu mwenyewe ametusamehe saumu. Wewe ulikuwa ukila wapi?"

Alinyoosha upawa kuelekea nyuma ya mlango, kati ya ukuta na mtungi, nafasi ya kupita paka.

"Papo," akasema. "Nimesimama, na mlango nimeuegemea kwa mgongo asije mtu akafungua."

"Hata Mzee Shee hakujua?"

"Shee alikuwa shimoni."

Nikainuka nikaenda pale nyuma ya mlango. Nilipachunguza kama nilivyofunzwa, pembe kwa pembe, mpaka chini ya mtungi. Sakafu ilikuwa safi, haina hata punje.